Jogoo Anayetazama Kushoto

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni mwa karakana, shemeji yangu anaingia na mtu wa mkokoteni. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mjane. Mume wangu alikuwa fundi wa mapazia, na huu ni mwezi wa tano tangu tumzike. Karakana yetu ni chumba kimoja. Mbele tunashona, nyuma nalala, katikati kuna pazia.

Yaani kulikuwa na pazia. Nitafika huko.

Mnakumbuka pia lile jambo lililoniuma kuliko kifo chenyewe. Katika mwezi wake wa mwisho, mgonjwa asiyeweza kunywa uji bila kusaidiwa alianza kutoka kila siku saa tisa alasiri na mfuko mdogo mkononi. "Napunga hewa, mwenzangu." Akirudi, anatabasamu. Niliwaambia nilivyolia usiku nikijua yuko mwanamke. Wasomaji wawili waliniandikia kunipa pole. Wa tatu aliniuliza kwa nini sikumfuata.

Sikumfuata kwa sababu niliogopa kumkuta.

Basi. Shemeji aliingia, akaiwekea mkono cherehani kama mtu anayemshika ng'ombe pembe.

"Shemeji, usinione mbaya," alisema. "Hii aliinunua marehemu baba yetu. Mdogo wangu aliitumia tu. Mali ya baba hurudi kwa watoto wa baba."

"Na mimi nishonee nini? Meno?"

"Mnunuzi anakuja dukani kwangu leo saa kumi jioni. Ukileta bei yake kabla ya saa kumi, inarudi hapa. Mimi si mnyama."

Shemeji anauza vitu vilivyotumika: meza, makochi, vitanda. Ndiyo kazi yake, na anaijua. Mimi ninayo cherehani ile tu, na kwenye ubao wake kuna alama mbili ambapo viwiko vya mume wangu vilikaa miaka ishirini na miwili.

Mtu wa mkokoteni aliiinua. Kona ikagonga mlango, kwa!

"Ngojeni!" nilipiga kelele. "Mtaichubua!"

Nikatazama huku na huku nione cha kuifungia. Nikalivuta lile pazia la katikati. Lilikuwa pazia la mwisho alilolishona mume wangu, na alilitundika mwenyewe wiki moja kabla ya kulala moja kwa moja. "Hili ni letu," aliniambia. "Usilifue mpaka nikuambie." Hakuwahi kuniambia.

Lilinidondokea begani likanipinda mgongo. Lilikuwa zito ajabu. Nikadhani ni huzuni. Mtu mwenye huzuni hata kijiko humlemea.

Nikaifunga cherehani kwa mikono yangu hii hii, nikaizungushia kamba, nikafunga mafundo matatu kama alivyonifundisha. Mkokoteni ukaondoka. Chumba kikabaki kitupu, kitanda changu kinaonekana mpaka barabarani.

Nilikaa kitako nikashika sketi ya mteja niimalizie kwa mkono. Sindano ikakatika. Nikacheka peke yangu, kicheko kile kibaya. Nikatoka kwenda kununua sindano.

Mwenye duka la nyuzi alinipa chenji. Sarafu tano, zile ndogo za jogoo ambazo siku hizi hata ombaomba anazipokea amekunja uso. Moja ilikuwa na tundu.

"Dada, hii imetobolewa."

"Pesa ni pesa. Haina macho wala masikio."

"Lakini ina tundu."

"Si wewe ni fundi? Itie uzi."

Wanunuzi wakacheka. Nikatoka nikiwa na hasira. Hata sarafu mbovu ziletewe mimi! Nikaigeuza juani nione lile tundu limekaa wapi.

Nikasimama katikati ya barabara. Mwenye baiskeli alinitukania mama yangu.

Jogoo alikuwa anatazama kushoto.

Hapa inabidi niwaeleze kazi yetu. Pazia zuri linataka uzito chini, lisipepee kama shati la mlevi. Mafundi wengine hutia vipande vya bati. Mume wangu alitia sarafu za jogoo, kwa sababu zilikuwa ndogo, nzito, na hazinunui kitu. Sarafu moja katika kona ya kila pazia, ndani ya upindo, pale mapazia mawili yanapokutana.

Ila alikuwa na kichaa chake. Alitaka mapazia yakifungwa, jogoo wawili watazamane.

"Nani atawaona?" nilimuuliza siku ya kwanza. "Wamo ndani ya kitambaa!"

"Wenyewe wataonana," alisema. "Unataka wapeane visogo usiku kucha? Wamegombana?"

Jogoo wa kawaida hutazama kulia. Huyo anafaa pazia la kushoto. Pazia la kulia lilitaka jogoo anayetazama kushoto, na huyo hapatikani. Mume wangu alikuwa akipekua chenji zake zote, na zangu, na za majirani. Pazia limekwisha, limepigwa pasi, mteja amekuja mara nne, yeye anatafuta jogoo. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho. Katika miaka ishirini na miwili tulishona pea kumi na tisa tu za namna hiyo. Nazijua zote.

"Mama! Umeona nini?"

Aliyeniita ni Fundi Saa. Meza yake iko pembeni ya lile duka la nyuzi, naye amevaa kioo chake cha jicho asubuhi hadi jioni, mpaka watu husema analala nacho. Nilimpa ile sarafu. Akaisogeza kwenye kioo.

"Umeipata wapi?"

"Chenji ya sindano."

"Mungu wangu, nani ameitoboa? Aliyeitoboa alaaniwe, na watoto wake waote meno ya kuku!"

"Fundi, ni jogoo tu."

"Jogoo tu? Mama, hizi zilitengenezwa kwa makosa. Jogoo aliwekwa kinyume. Walipogundua wakazikusanya wakaziyeyusha. Chache zikaponyoka. Nina mtu wangu anazitafuta mwaka wa pili sasa. Hii ni ya pili kuiona."

"Ina thamani gani?"

"Hii? Chai na andazi. Imetobolewa, imechakaa, imeshikwashikwa. Lakini nzima, ambayo haikushikwa na watu..." Akavua kioo. Nilikuwa sijawahi kuliona jicho lake la kulia. "Moja inanunua cherehani mbili mpya. Na mtu wangu ameniachia pesa, niko nazo hapa hapa. Ukiniletea leo, nakulipa leo."

"Ambayo haikushikwa na watu," nilirudia.

"Ndiyo. Iliyolala mahali, imetulia, gizani. Kama iko duniani."

Nilianza kucheka. Sikutaka. Kicheko kilinianzia magotini kikapanda. Nilicheka nikaishika meza ya Fundi Saa, saa zikagongana, yeye anazikumbatia, "Mama, taratibu! Taratibu!" Jogoo kumi na tisa wamelala gizani ndani ya kitambaa, hawajaguswa na mkono wa mtu tangu mume wangu apige fundo la mwisho!

"Ile ya kwanza uliionea wapi?" nilimuuliza nikiwa nimeshaanza kuondoka.

"Mteja mmoja aliileta. Nzima kabisa. Nikamwambia bei, akacheka hivyo hivyo kama wewe, akaondoka nayo. Sitaji wateja wangu, mama."

Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa nakimbia. Mjane wa miaka arobaini na nane, kanga imefunguka nusu, nakimbia mchana kweupe.

Nilikwenda kwa wifi yangu, dada wa marehemu na wa shemeji. Ni msusi. Alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja, nusu nyingine imesimama kama inashangaa.

"Wifi, una mapazia ya kaka yako?"

"Si hayo unayoyaona dirishani? Kuna nini? Mbona unahema kama umefumaniwa?"

"Nipe wembe."

"Wifi!"

"Nipe wembe, nitakueleza."

Nilimweleza huku nafumua. Kabla sijamaliza, yeye alikuwa ameshashika upindo wa pazia la pili anautafuna kwa meno. Mteja wake alitutazama kwenye kioo. Nadhani aliogopa.

Pazia la kushoto lilitoa jogoo wa kulia. Safi, anang'aa kama ametoka kutotolewa. Wifi akapiga kigelegele.

"Bado," nilisema. "Huyu ni wa kawaida. Anayetakiwa ni mwenzake."

Pazia la kulia likatoa kifungo cha koti. Cha chuma. Kikadondoka sakafuni kikabiringika mpaka miguuni kwa mteja.

Wifi akakitazama. "Hicho nacho kina thamani?"

"Hapana."

"Kaka yangu alinipunja!" alisema. "Mimi dadake, tumbo moja, ananitilia kifungo!"

"Labda siku hiyo alikosa jogoo."

"Akose kwa nani? Nilisubiri pazia hili miezi mitatu!"

Ni kweli alisubiri miezi mitatu. Lilinitekenya akilini hilo, lakini saa ilikuwa inakimbia. Saa nane na nusu. Pea iliyo karibu ilikuwa ya Mwalimu Mkuu, yule mstaafu aliyetufundisha sote wawili, na aliyetuchapa sote wawili.

"Twende," nilisema.

"Na mimi?" aliuliza mteja. "Na nusu hii?"

"Usiiguse, narudi," wifi alimwambia. "Ukiigusa nakutoza upya."

Sasa nakuja kwenye ungamo langu la leo, na sitalipamba. Njiani tulitunga uongo. Tulikubaliana tutamwambia Mwalimu Mkuu kwamba karakana inakagua pindo za wateja wa zamani, bure, kwa kumbukumbu ya marehemu. Nilitumia jina la maiti kuingia sebuleni kwa mtu nichukue kilichomo kwenye pazia alilolilipia. Nilikuwa nimetia kifungo changu mfukoni, nibadilishe bila yeye kujua. Na niseme kweli: sikuona haya. Nilikuwa na furaha kama mtoto anayepanda juu ya meza wazazi hawapo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mnataka nini? Nyinyi wawili mkija pamoja hamjawahi kuja kwa heri."

"Tunakagua pindo, Mwalimu. Bure," alisema wifi.

Mwalimu Mkuu aliweka gazeti chini. Alituangalia mmoja mmoja, kwa ule mtazamo wa kutafuta nani amekula chaki.

"Tena?"

"Tena nini, Mwalimu?"

"Mbona pindo zangu zinapendwa? Mumeo naye alikuja kuzikagua. Bure. Miezi sita iliyopita."



"Alikuja... hapa?"

"Saa tisa na kitu, anatetemeka kama jani. Nikamwambia, mwanangu, wewe ni wa kitandani. Akasema anapunga hewa. Akakaa pale kwenye stuli, akafumua pazia langu la kulia, akashona tena. Ilimchukua saa nzima. Nikampa chai, hakuweza kushika kikombe, nikamshikia. Akaniambia anapita nyumba zote. Ametoka kwa dadake, kesho anakwenda kwa daktari wa meno."

Nilikwenda dirishani nikapiga magoti. Upindo wa pazia la kulia ulikuwa umeshonwa upya. Mume wangu alikuwa na mshono ulionyooka kama mstari wa daftari. Huu ulikuwa unapanda na kushuka, umeruka hapa, umerudi pale. Mwishoni, mafundo matatu.

Niliubonyeza kwa kidole. Ndani kulikuwa na kifungo.

Hakukuwa na mwanamke.

Wasomaji mlionipa pole, nawarudishieni pole zenu na shukrani. Hakukuwa na mwanamke! Kulikuwa na sebule kumi na tisa, na mtu anayekufa amekaa kwenye stuli za watu anafumua pindo.

Nikacheka kwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii machozi yalitoka pia, na wifi akanidaka, naye akaanza, tukaanguka sote wawili ndani ya pazia la Mwalimu Mkuu, pazia likang'oka na fimbo yake.

"Hata kwenye hesabu mlikuwa mnalia hivi hivi," alisema Mwalimu Mkuu.

"Alikuja kwangu mimi nikiwa nimelala," wifi alikuwa akisema huku anahema. "Sasa nakumbuka! Niliamka nikamkuta dirishani na sindano. Nikamwambia kaka, pumzika. Wifi, kazipeleka wapi?"

Hilo ndilo swali. Kumi na tisa. Nyumbani nilishapekua kila kitu siku za matanga: kabati, godoro, kopo la vifungo. Mtu wa mapazia anaficha wapi kitu?

Nikamshika wifi mkono.

"Wifi," nilisema. "Lile pazia letu la katikati."

"Limefanya nini?"

"Aliniambia nisilifue."

"Basi si lipo? Twende!"

"Lilinipinda mgongo asubuhi. Nilidhani ni huzuni."

"Asubuhi ulikuwa unalifanya nini?"

Mwalimu Mkuu akanigonga begani. "Jibu swali."

"Nimeifungia cherehani. Nimempa shemeji."

Wifi alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Wewe mwenyewe?"

"Na kamba nikafunga mimi. Mafundo matatu."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Duka la shemeji liko upande wa pili, baada ya kiwanda cha mbao. Tukaacha viatu mlangoni kwa Mwalimu Mkuu, kwa kusahau, tukakimbia. Tulipopita kwa wifi, mteja alikuwa amesimama nje na nusu ya kichwa. "Na mimi jamani!" alipiga kelele. Wifi akampungia mkono.

Njiani tuliwekeana masharti. Tuingie taratibu. Tusihangaike. Tuombe pazia kama kitu kisicho na maana, tambara tu la mjane.

Cherehani ilikuwa mbele ya duka, imefunguliwa, imepakwa mafuta, inang'aa. Alama mbili za viwiko zinaonekana. Moyo ulinipasuka vizuri na vibaya kwa pamoja.

Na pazia? Shemeji alikuwa amelitundika mlangoni kuzuia jua.

Upepo ukapita. Mashuka ya kuuza yakapepea, kofia zikaanguka, karatasi zikaruka. Pazia la mume wangu halikutikisika hata kidogo. Lilisimama wima kama askari kwenye gwaride.

"Karibuni," alisema shemeji. Akatazama miguu yetu. "Viatu viko wapi?"

"Joto," alisema wifi.

"Umeleta pesa, shemeji?"

"Bado. Nimekuja kuiaga," nilisema. "Na nilichukue hilo tambara langu. Nimebaki chumba kiko wazi."

"Hili?" Akalipiga pazia kwa kiganja. Likatoa sauti. Ndogo tu, kama meno ya mtu anayesikia baridi.

Shemeji akaweka sikio. Akalipiga tena.

"Zito," alisema.

"Kaka alipenda mapazia mazito," wifi alisema haraka. Haraka mno.

Shemeji aliketi kwenye mkono wa kochi. Tangu nimeolewa katika ukoo wao sijawahi kumwona anatabasamu vile.

"Ninauza vitu miaka thelathini," alisema. "Unajua nilichojifunza? Mteja mjanja anaulizia kitanda, lakini macho yake yako kwenye kabati. Shemeji, asubuhi uliipigia kelele cherehani hii mpaka mtu wa mkokoteni akashtuka. Sasa umekuja miguu peku, na hujaitazama hata mara mbili."

Nje, gari likasimama. Mlango wa gari ukafungwa.

"Mnunuzi wangu huyo," alisema shemeji. "Amewahi. Haya, nifanye jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nifungue duka. Chukua kimoja, bure. Cherehani, au pazia. Ninachobaki nacho ni changu, na hamtanifuata kwa wazee wa ukoo."

"Kaka, mwogope Mungu!" alisema wifi.

"Namwogopa. Ndiyo maana natoa bure."

Fundi Saa yuko mitaa miwili kutoka pale, na pesa tayari. Lakini mnunuzi alikuwa anapanda ngazi, nasikia viatu vyake. Nikilichukua pazia, cherehani inaondoka na gari lile, pamoja na alama za viwiko vya mume wangu. Nikiichukua cherehani, shemeji atatafuta wembe kabla sijafika kona, na jogoo kumi na tisa waliokusanywa na mkono unaotetemeka watauzwa na mtu asiyejua kwa nini walitakiwa watazamane.

"Kimoja, shemeji," alisema.

Wifi alinifinya kiunoni kwa nguvu zake zote. Mpaka leo tunabishana alikuwa anamaanisha kipi.

Nikafungua mdomo, nikakitaja. Kipi, nitawaambia wiki ijayo.